Shangazi wa Chumba Baridi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu. Kwenye karatasi za utawala ana jina lake kamili na cheo kirefu. Humu ndani, kuanzia getini hadi ofisi ya Mkurugenzi, anaitwa Shangazi, na ukimwita vinginevyo watu watakuuliza unamzungumzia nani. Jina hilo alipewa na mlinzi wetu wa zamani, aliyesema kwamba mwanamke huyu anamkaripia kila mtu kama mtoto wa kaka yake, halafu papo hapo anamuuliza kama amekula.

Kamati ya sherehe imenitwisha mimi kazi ya kuandika wasifu huu, ingawa mimi ni mtu wa hesabu na barua zangu nyingi ni za kudai risiti. Wamenichagua kwa sababu meza yangu imeegemea ukuta wa chumba cha seva, karibu kabisa na mlango wake, na tangu chumba kifunguliwe nimesikia kila kitu: mashine zikinguruma, kiyoyozi kikikohoa, na Shangazi akizisema mashine kama anavyotusema sisi. Nitajitahidi nisitie chumvi. Akiona nimetia atanirekebisha mbele ya wageni, maana hana dogo.

Niliseme mapema jambo lenyewe, kwa kuwa wengi wenu mmelisikia kwa vipande. Shangazi alitakiwa kustaafu mwaka jana. Uongozi ukamwomba aongeze mwaka mmoja kwa mkataba, akakubali. Mwaka huu akaombwa tena. Wakati huohuo mama yake mzazi, anayeishi kwa kaka mkubwa wa Shangazi, safari ya nusu siku kutoka hapa, ameanza kusahau. Yalianza kumtoka majina ya majirani, yakafuata ya wajukuu. Miezi michache iliyopita akaanza kumwita mwanawe wa kiume kwa jina la marehemu mumewe. Shangazi yeye bado anamjua. Mpaka lini, hakuna awezaye kusema, na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha raha. Alitaka kwenda kukaa na mama yake wakati mama bado anajua ni nani aliyekaa naye. Upande wa pili kulikuwa na chumba alichokijenga kwa mikono yake, na kampuni nzima iliyoamini kwamba siku akiondoka yeye, chumba nacho kitazimika.

Sasa turudi mwanzo. Alipokuja, hii haikuwa kampuni. Ilikuwa duka moja la vipuri vya pampu za maji, lenye kaunta mbele na stoo nyuma. Aliitwa kama fundi umeme, atengeneze taa za stoo zilizokuwa zikiwaka zinavyotaka zenyewe. Alizitengeneza, akaona na soketi nazo ni za kuua mtu, akatengeneza na hizo bila kuombwa, na Bosi, ambaye leo ndiye Mkurugenzi, akaona ni nafuu kumwajiri kuliko kumwita kila wiki. Kompyuta ilikuwa moja, mezani kwa keshia, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Shangazi alijifunza kompyuta hiyo kwa kuifungua na kuifunga, kisha akajilipia masomo ya jioni mpaka akapata cheti, na baadaye kingine.

Duka likazaa matawi. Ndipo balaa la stoo lilipoanza: tawi moja linamuuzia mteja pampu ambayo tawi jingine limeshaiuza asubuhi, na wateja wawili wanakutana kaunta wakitazamana. Bosi akanunua seva ili matawi yote yasome hesabu moja. Iliwekwa chini ya meza ya mapokezi, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Dada wa mapokezi aliipenda sana, maana msimu wa baridi ilimpasha miguu. Siku moja kisigino chake kikanasa kwenye waya, plagi ikatoka, na matawi yote yakasimama kuuza hadi wakati wa chakula cha mchana. Dada wa watu alilia kutwa. Shangazi akamwambia anyamaze, kosa ni la aliyeiweka mashine miguuni pa mtu.

Siku iliyofuata alipanda kwa Bosi kuomba chumba. Bosi siku zile alikuwa mkono wa birika, na leo mwenyewe anakiri akicheka. Aliuliza mashine inahitaji chumba cha nini, wakati hata mtu wa stoo hana chumba chake. Shangazi akamjibu kwamba mtu wa stoo akisikia joto anatoka nje kupunga upepo. Bosi akampa kile chumba cha ndoo.

Wageni hawakijui chumba cha ndoo. Kilikuwa katikati ya jengo, hakina dirisha, na kilijaa mifagio, ndoo, kibao cha zamani cha duka na viti vibovu ambavyo mtu wa stoo aliapa kila mwaka kwamba atavitengeneza. Shangazi alikitaka hichohicho. Kukosa dirisha kulimaanisha jua haliingii na vumbi linapata shida, na juu yake hapakuwa na choo wala bomba. Kugombana na mtu wa stoo juu ya viti vile kulichukua muda mrefu kuliko kukipaka rangi chumba chenyewe. Mwishowe viti vilitoka, na hadi leo havijatengenezwa.

Kazi yenyewe aliifanya kwa mpangilio wake. Kabati la seva aliliinua juu ya miguu ya chuma, kwa sababu alijua wanaodeki korido humwaga maji kwa moyo mweupe na maji hupita chini ya mlango. Alileta laini ya umeme ya peke yake kwa ajili ya mashine, akapanga betri za akiba chini, akaunganisha na jenereta ya nje. Kila waya aliufunga utepe wa rangi: masoko njano, stoo bluu, utawala kijani. Sisi wa hesabu tulipewa waridi. Nililalamika, nikaambiwa rangi nyingine zimekwisha dukani.

Halafu kikaja kisa cha kiyoyozi, ambacho Shangazi mwenyewe ametaka kiandikwe. Wiki chache baada ya chumba kuanza kazi, joto likawa linapanda kila asubuhi, mashine zinapiga kelele, kisha baada ya muda mambo yanatulia yenyewe. Alimwita muuza viyoyozi, akamwambia bila kupepesa macho kwamba amemuuzia kanyaboya. Yule bwana akaleta kingine. Joto likapanda tena. Shangazi akalilaumu paa, akalilaumu jua, akatulaumu sisi kwa kupitapita korido. Kila asubuhi aliacha chai yake akakaa kwenye stuli ndani ya chumba, macho kwenye kipimajoto, akivizia adui.

Kumbe adui alikuwa upande wa pili wa korido. Siku hiyo njaa ilimshinda, akaenda chumba cha chai kama binadamu wengine. Mama Chai, mpishi wetu, akawasha lile birika kubwa la umeme, na hapohapo mngurumo wa kiyoyozi ukakatika. Shangazi aliganda na kikombe mkononi. Mashine alikuwa amezipa laini yao, ila kiyoyozi, kwa kuwa ukuta ulikuwa karibu, alikiunga kwenye laini ya chumba cha chai. Birika likiwashwa, umeme wa laini unapungua na swichi ya kinga ya kiyoyozi, iliyokuwa ukutani mwa chumba cha chai, inaanguka; chai ikiisha, mfagiaji akiona swichi iko chini anairudisha, akidhani anasaidia. Hakuna aliyekuwa amekosea isipokuwa fundi.

Kesho yake alisimama kwenye kikao cha asubuhi akasema kosa ni lake, akaeleza lilivyotokea, akakaa. Kisha akafunga safari hadi kwa muuza viyoyozi kumwomba radhi dukani kwake, mbele ya wateja, kwa sababu alimtukana mbele ya watu. Ni bwana huyohuyo anayetuhudumia hadi leo. Mama Chai naye alitamba kwa miaka kwamba yeye ndiye aliyegundua hitilafu. Siku ya kubadilisha laini chai ilichelewa saa nzima, na nakwambia, watu walinuna kuliko siku ambayo seva ilizimika.

Tatizo lililofuata lilikuwa ni sisi. Neno lilipoenea kwamba jengoni kuna chumba chenye ubaridi, watu walikigeuza jokofu. Ziliingia soda, maziwa, matikiti, hata keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu wa masoko ilikaa juu ya betri za akiba kwa heshima zote. Shangazi alibandika tangazo. Halikusomwa. Alikaripia. Hakusikilizwa. Kisha akakuta chakula cha mchana cha mtu wa stoo kimefichwa nyuma ya kabati, wali na nyama ya mchuzi, kifuniko hakijakaza. Alikila chote. Aliosha bakuli, akampelekea mwenyewe na kumshukuru mbele ya wenzake, akaongeza kwamba nyama ilipungua chumvi. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuingiza humo hata pipi.

Jambo lake kubwa kuliko yote, ambalo sidhani kama liko mahali pengine, ni Jumamosi ya Giza. Kila baada ya miezi kadhaa, Jumamosi asubuhi, saa za kazi, Shangazi alikuwa anakata umeme wa jengo zima kwa mkono wake. Siku yenyewe hakuitangaza. Aliyejua ni Mkurugenzi peke yake. Shabaha ilikuwa kuona kama betri zinashika, kama jenereta inaitika, kama mashine zinazimwa na kuwashwa kwa zamu inayotakiwa, na kama nakala za akiba za kumbukumbu zetu zinafunguka kweli au zipo kwa jina tu. Watu wa mauzo waliichukia Jumamosi hiyo kama jipu. Hata Mkurugenzi aliwahi kumuuliza kwa nini anavunja kitu kinachofanya kazi. Alijibu kwamba kitavunjika tu, na anapenda kivunjike yeye akiwa amekisimamia.

Tuliona faida yake mwaka ambao transfoma ya mtaa iliungua. Majirani zetu walifunga milango siku kadhaa, na mmoja alipoteza kumbukumbu zake zote za wateja. Sisi tuliuza. Hapakuwa na shangwe. Shangazi alizunguka akakagua mafuta ya jenereta, akatuambia tuzime feni zisizo na mtu. Kutoka seva moja chini ya meza tumefika makabati matatu, viyoyozi viwili vinavyopokezana, na matawi kumi na moja yanayosoma stoo moja. Tangu chumba kifunguliwe, hatujapoteza kumbukumbu ya hata mteja mmoja. Hiyo ndiyo sifa ya kazi yake, na mimi wa hesabu naiandika bila kuipamba.

Miaka minne iliyopita aliletewa mafundi wawili. Mmoja ni kijana mrefu, mkimya, ambaye ukimuuliza swali anafikiri mpaka unasahau ulichouliza. Wa pili ni mama wa watoto wawili, mfupi, mwenye maneno yake. Waliajiriwa siku moja, ndiyo maana tunawaita Mapacha, ingawa hata vivuli vyao havifanani. Shangazi aliwafundisha kwa moyo wote. Lakini hapa ndipo udhaifu wake ulipo, na kwa kuwa ameniomba nisimpake mafuta, nausema. Hakuweza kuachia. Taa ikimeta, mkono wake umeshafika. Anaeleza namna ya kufunga waya, na akimaliza kueleza waya umeshafungwa, amefunga yeye. Likizoni alikuwa anapiga simu kuuliza joto la chumba. Kwenye harusi ya mtoto wa dada yake alikaa jikoni na simu sikioni akielekeza mashine, na picha ya familia ikapigwa bila yeye.

Ombi la kuongeza mwaka wa pili lilipokuja, alikaa nalo wiki nzima bila kulijibu. Tulimwona anavyokwenda kwa mama yake Ijumaa na kurudi Jumapili macho yamemvimba. Ndipo yule Pacha mfupi alipopiga moyo konde. Alimwambia kwa adabu zote kwamba wao hawatajua kamwe kama wanaiweza kazi, ikiwa kila siku mkono wake uko mbele ya mikono yao. Na akaongeza, tena akilia, kwamba yeye mama yake hayupo tena, na angeambiwa achague, asingechagua seva.

Shangazi alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliwaita wote wawili, akachomoa funguo za chumba kwenye pete yake ya funguo, akawapa. Aliwaambia Jumamosi ya Giza inayofuata waipange wao na waiendeshe wao, na yeye siku hiyo atakuwa kwa mama yake, simu imezimwa. Kisha akapanda kwa Mkurugenzi akaweka mambo wazi: chumba kikisimama imara bila yeye, anaondoka; kikishindwa, atasaini mwaka mwingine. Habari hiyo ilishuka ngazi kabla yake.

Kwa hiyo wote tulijua nini kimewekwa mezani. Na nitakuwa mnafiki nisiposema kwamba walikuwepo waliotania kuwa mtu akichomoa waya mmoja tu, Shangazi wetu anabaki. Ulikuwa utani nusu. Tulimpenda, na tuliogopa.

Jumamosi hiyo umeme ulikatwa watu wakiwa wametoka tu kunywa chai. Betri zilishika. Jenereta ikaitika, ikanguruma kidogo, ikazima. Ikawashwa tena, ikazima, na kwa sheria ya Shangazi umeme haurudishwi mpaka jaribio liishe. Yule mrefu alitoka mbio kwenda uani, mara ya kwanza kumwona akikimbia tangu aajiriwe. Mfupi alibaki chumbani kuanza kuzima mashine kwa zamu kabla betri hazijaisha, na kwa haraka akazima ya stoo kabla ya ile ya mauzo, kinyume na utaratibu. Matawi yakaanza kupiga simu. Korido ikajaa. Mtu wa stoo alikuwa ameshatoa simu yake ampigie kaka yake Shangazi, Pacha mfupi akamwambia aiweke chini, kwa sauti ambayo sote tuliitambua ni ya nani. Mkurugenzi alishuka, mikono mifukoni, akauliza kama wakati haujafika wa kumtafuta. Akajibiwa bado, mzee. Akakaa kwenye kiti changu, akangoja kama sisi.

Shida ilikuwa ndogo, kama kawaida yake. Fundi aliyesafisha jenereta wiki hiyo alifunga koki ya mafuta na kusahau kuifungua, na mashine ilikuwa ikiwaka kwa mafuta machache yaliyobaki kwenye mpira unaoyapitisha. Yule mrefu alifuata mpira kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho mpaka akaifikia koki. Mashine zikawashwa moja moja. Mauzo machache ya mwisho yalikuwa hayajafika kwenye mashine ya stoo, Mapacha wakayapigia simu matawi, wakaomba yarudiwe, yakarudiwa. Kabla ya saa ya kufunga kila kitu kilikuwa kinakwenda. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Chai alileta chai ya pili, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jumatatu Shangazi alifika hajui lolote. Alipita mezani kwangu, akanisalimu, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasimama mbele ya mlango wa chumba cha seva, akabisha hodi. Akangoja afunguliwe.

Mapacha walimweleza yote, pamoja na mashine iliyozimwa kabla ya zamu yake. Nilitega sikio ukutani, sina haja ya kujisingizia heshima. Nilisubiri karipio. Halikuja. Alipotoka alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akapanda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, akamrudishia mkataba bila saini. Mkurugenzi aliupokea, akasema ahsante.

Wakati wa chai alitusimulia ya huko alikokuwa. Jumamosi ileile, sisi tukihangaika na koki, mama yake alikuwa ameamka vizuri. Alimwita kwa jina lake la utotoni, akamshika mkono, akamuuliza anaondoka saa ngapi. Shangazi mwenyewe alikuwa hajui. Mama akauliza tena na tena, mpaka akasinzia bila kujibiwa.

Shangazi, tunakushukuru kwa chumba, kwa makaripio, na kwa kutufundisha kuendelea bila wewe, somo ambalo wewe mwenyewe lilikugharimu zaidi. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi karibu na mama. Gari liko tayari asubuhi ya tarehe moja. Akikuuliza tena unaondoka saa ngapi, mwambie huondoki.